Dondoo muhimu: Glavu ya ngozi ya kubebea chuma

Unapotengeneza glavu za deraya kama za mashujaa wa Ulaya wa karne ya 14, anza na glavu ya ngozi. Ndiyo inayobeba mabamba yote, na kiganjani mara nyingi hakuna chuma kabisa, ni ngozi tupu.

Ngozi ya mbuzi au ya kulungu ndiyo bora: laini, lakini haichaniki upesi. Ile ya ng'ombe hudumu, ila iwe nyembamba, kama milimita 1 hivi. Glavu nene za mafundi wa kuchomelea ziache; ukishaongeza chuma juu yake, vidole havitakunjika.

Ijaribu glavu ukiwa umeshika mpini wa upanga, ngumi imefumbwa. Ngozi ikivuta kwenye vifundo vya vidole, chukua kubwa zaidi. Ikijikusanya kiganjani, ni kubwa mno na mpini utateleza. Kisha igeuze ndani nje ukague mishono. Mshono mnene juu ya kifundo, chini ya bamba la chuma, utakuchubua. Uwe ubavuni mwa kidole.

Usipige ribiti moja kwa moja kwenye glavu. Mabamba ya vidole yapigie ribiti kwenye kanda za ngozi ngumu, kisha kanda hizo uzishone kwenye glavu kwa uzi uliopakwa nta. Kiganja kikichakaa, na kitachakaa kabla ya chuma, utafumua uzi na kuzishona kanda hizo kwenye glavu mpya. Kwa hiyo nunua jozi mbili zinazofanana tangu mwanzo.