Somo: Namna ya Kusoma Tangazo la Mashine ya Kukoboa na Kusaga Nafaka



Somo hili linamhusu mtu anayekusudia kununua mashine ya kukoboa au kusaga nafaka, iwe mpya au iliyokwisha kutumika. Kwa kaya nyingi za Tandale, Manzese, Tandika na Mbagala, ununuzi wa namna hii hufanyika mara moja tu maishani, tena kwa fedha za mkopo, kiinua mgongo au akiba ya kikundi. Mtu aliyenunua sufuria mbovu hupoteza sufuria. Aliyenunua mashine mbovu huendelea kulipa marejesho ilhali mlango wa banda umefungwa. Kwa hiyo tangazo la mashine lastahili kusomwa kama mkataba: neno kwa neno, na kila tarakimu iulizwe imetoka wapi.

Mashine binafsi hazikuwa nyingi jijini tangu zamani. Shirika la Taifa la Usagishaji (NMC), lililoundwa mwaka 1968, ndilo lililokuwa mtoaji rasmi wa sembe, na mtu wa kawaida hakuruhusiwa kusafirisha zaidi ya kilo 30 za nafaka bila kibali. Mwaka 1984 kikomo hicho kilipandishwa hadi kilo 500 na ruzuku ya sembe ikaondolewa. Mwaka 1987 kikomo chenyewe kikafutwa. Mahindi ya mikoani yakawa yanashushwa Manzese na Tandale bila kificho, na mashine zikafuata mahindi. Pamoja na mashine yakaja matangazo: kwanza maandishi ya rangi ukutani na maneno ya madalali, leo picha katika simu.

Hata hivyo tangazo la mashine lenyewe ni la kale kuliko hayo yote, na mlaji wa leo ana la kujifunza kutoka kwa matangazo ya zamani. Chukua mfano wa injini ya dizeli ya Lister, iliyotengenezwa mjini Dursley, Uingereza, kuanzia miaka ya mwisho ya 1920, ambayo mlio wake ulijulikana katika vinu vingi vya Afrika Mashariki. Toleo lake maarufu lilitajwa kwa tarakimu mbili zinazokwenda pamoja: nguvu za farasi 6, kwa mizunguko 650 kwa dakika. Tarakimu ya pili ndiyo iliyoipa maana ile ya kwanza. Nguvu bila mizunguko ni kama mwendo wa gari bila kutaja kwamba lilikuwa likishuka mlima. Matangazo mengi ya siku hizi yameacha tarakimu hiyo ya pili, na huo ndio upungufu wa kwanza unaopaswa kuutafuta.

Upungufu wa pili umo katika jina. Kwa kuwa Lister ilizoeleka mno, watu walianza kuita "Lister" kila injini nzito ya mwendo wa polepole yenye magurudumu mawili makubwa ubavuni. Kiwanda cha Dursley kiliacha kutengeneza injini ya aina hiyo mwaka 1987, lakini viwanda vya Rajkot, katika jimbo la Gujarat nchini India, viliendelea kuunda injini za mfano uleule. Basi tangazo linalosema "Lister orijino, mpya kabisa" linapaswa kukutia shaka papo hapo: ikiwa ni mpya, haikutoka Dursley, ikiwa ilitoka Dursley, si mpya. Injini ya Rajkot si lazima iwe mbaya, na vipuri vyake mara nyingi hupatikana kwa urahisi zaidi. Kosa ni kulipia bei ya kitu kimoja ukapewa kingine. Uliza jina la mtengenezaji na nchi, kisha ulinganishe jibu na kibao kilichopigiliwa kwenye mwili wa mashine. Kibao kilichong'olewa au kusuguliwa ni sababu tosha ya kuahirisha malipo.

Suala la mizunguko si la bei tu. Ni la usalama. Tuseme kinu kimeandikwa kuwa kinahitaji mizunguko 3,000 kwa dakika, na kilikuwa kikiendeshwa na injini ya mizunguko 650. Ili kufikia 3,000, aliyekifunga aliweka puli kubwa kwenye injini na ndogo kwenye kinu. Sasa muuzaji anaondoa injini na kuweka mota ya umeme yenye mizunguko 1,450, lakini anahamishia puli zilezile kwa kuwa "bado ni nzima". Kinu hicho sasa kitataka kuzunguka zaidi ya mara mbili ya mwendo wake, yaani karibu mizunguko 6,700. Nyundo zilizofungwa ndani hazikuundwa kwa mwendo huo, na bati la kinu halikuundwa kuzizuia zikichomoka. Anayesimama mbele ya kinu mara nyingi ni kijana wa kazi, si mwenye mashine. Mashine yoyote iliyobadilishwa chanzo cha nguvu ipimwe puli zake na fundi asiye wa muuzaji, kabla haijawashwa mbele yako.

Kuhusu mashine zilizokwisha kutumika, historia ya nchi yetu ina somo kubwa ambalo halizungumzwi sana kwa upande huu. Mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 Kongwa kisha ukaenea Urambo na Nachingwea, ulinunua matrekta yaliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, mengine kutoka ghala za jeshi la Marekani huko Ufilipino. Yalipita bandari ya Dar es Salaam. Mengi yaliharibika mapema, vipuri vikakosekana, na udongo wa Kongwa, ambao ukikauka huwa mgumu na hula chuma, ukamaliza kazi. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya mamilioni mengi ya pauni kupotea. Wanunuzi wale walikuwa na wahandisi na serikali nyuma yao. Walichokosa ni majibu ya maswali ambayo mama wa kikundi cha kukopeshana anaweza kuyauliza bila gharama: mashine hii ilifanya kazi gani, kwa muda gani, nani alikuwa akiitengeneza, na beringi yake nikiitafuta kesho nitaipata wapi?

Tugeukie sasa ahadi inayopendwa kuliko zote: "inasaga gunia kadhaa kwa saa." Gunia lipi? Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini lumbesa bado ipo na debe bado linatumika, kwa hiyo neno "gunia" peke yake si kipimo. Tena, kinu hicho hicho hutoa kiasi tofauti kabisa kulingana na chekeche iliyowekwa ndani. Chekeche ya matundu makubwa, ya chakula cha kuku, hupitisha haraka. Ile ya sembe laini huchelewesha. Mahindi mabichi nayo huziba. Mchuuzi anayetangaza kiwango cha juu huenda hasemi uongo, ila amepima kwa chekeche ambayo wewe hutaitumia kamwe.

Dawa yake ni jaribio. Nenda na mahindi yako makavu, kilo 50, yaliyopimwa kwa mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Taka iwekwe chekeche utakayotumia. Soma mita ya umeme kabla na baada, na ushike saa. Tuseme kilo 50 zimemalizika kwa dakika 10: hiyo ni kilo 300 kwa saa. Kama tangazo lilisema tani moja, umekwisha kujua. Tofauti ya usomaji wa mita nayo itakuonesha gharama ya kila kilo, ambayo ni muhimu kuliko kasi, kwa maana wateja hulipa kwa kilo. Muuzaji anayekataa jaribio kwa kisingizio kwamba hakuna umeme, aambiwe kwamba utarudi umeme ukirudi.

Mota nazo hutangazwa kwa nguvu za farasi zilizokuzwa. Nguvu moja ya farasi ni sawa na kilowati 0.746, mota ya "30" basi iandikwe takriban kilowati 22 kwenye kibao chake. Uliza pia kama koili ni ya shaba au ya alumini, na jibu liandikwe kwenye risiti. Hakikisha vilevile kuwa nyumba au fremu yako ina umeme wa njia tatu, kwa maana mota kubwa haitakwenda bila huo. Kama mashine haina sumaku ya kunasa vipande vya chuma vitokanavyo na kulika kwa nyundo, hesabu bei yake pamoja na bei ya sumaku. Unga huo utaliwa na watoto.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutenda au kutangaza jambo linalopotosha au linaloelekea kupotosha. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Ya mizani na vipimo, Wakala wa Vipimo. Ya viwango vya bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania. Katika ofisi zote hizo mlalamikaji huulizwa ushahidi, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu tangazo lililowavuta limekwisha kufutwa. Lipige picha siku ile ile ulipoliona, likiwa na tarehe, bei na jina la anayeuza. Dai risiti ya mashine ya kodi inayotaja aina, namba ya mashine na nguvu yake, si neno "mashine" pekee. Kama mmekubaliana dhamana ya miezi kadhaa, iandikwe inafunika nini: mota, beringi, au kazi ya fundi, na nani atalipa usafiri wa kuirudisha Kariakoo ikiharibika Mbagala.