SOMO LETU: Kinga ya Kompyuta ya Kikundi, ya Bure au ya Kulipia?



Tangu vikundi vyetu vianze kuweka hesabu ndani ya kompyuta, swali hili naulizwa karibu kila mahali. Kama kawaida yetu, tutaona, tutaamua, halafu tutatenda. Katibu asome polepole, na wengine wasikilize.

KUONA

Kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea kilipewa kompyuta. Muuzaji mmoja akawaambia wanunue programu ya kukinga virusi, shilingi 3,000 kwa mwaka. Waliponiuliza nikasema, "Lipeni, mtalala usingizi." Wakalipa.

Mwaka ukaisha, na leseni ikaisha nayo. Kompyuta ilikuwa ikitoa onyo kila asubuhi, lakini kwa Kiingereza kigumu, na katibu alikuwa akilifunga tu. Siku moja kijana akaleta flashi achapishiwe barua ya kuomba kazi. Virusi vikaingia. Hesabu za hisa za miaka miwili zikakataa kufunguka, na siku ya kugawana ilikuwa imebaki wiki mbili. Wanachama wakaanza kutazamana vibaya. Kilichowaokoa ni daftari la mweka hazina, mama mzee aliyekataa kuacha kalamu.

Kosa lilikuwa langu pia. Niliwaambia walipe, sikuwaambia waangalie.

KUAMUA

Kinga ya kompyuta ni kama josho la ng'ombe. Dawa ya mwaka jana haiui kupe wa leo. Virusi vipya hutengenezwa kila siku, kwa hivyo programu lazima ipate habari mpya kupitia intaneti. Ikikosa habari hizo, ya kulipia na ya bure zote ni mlango bila komeo.

Kinga ziko za namna nne:

1. Inayokuja na kompyuta. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Microsoft huweka kinga yake ndani ya Windows bila malipo. Kwa kikundi chenye kompyuta moja, anzeni hapo. Lakini angalieni: Windows 10 ilifika mwisho wa matengenezo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye nayo amwulize fundi kama inaweza kupandishwa hadi Windows 11.

2. Inayotolewa na kampuni ya intaneti. Kule Marekani, kampuni ya Comcast ilianza mwaka 2010 kuwapa wateja wake wa nyumbani programu ya Norton bila malipo ya ziada. Baadaye mpango huo ukakoma. Funzo ni kwamba zawadi ya namna hii imefungwa na mkataba wa intaneti. Ukihama kampuni, au kampuni ikibadili nia, kinga inaondoka. Mkipewa, ulizeni: ni mpaka lini, na ni kwa kompyuta ngapi?

3. Ya bure kutoka kwa watengenezaji. Nyingine ni nzuri, lakini ulizeni mwenyewe anakula wapi. Mwaka 2024 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliitoza kampuni ya Avast dola milioni 16.5, ikisema kwamba ilikusanya na kuuza habari za mambo ambayo watumiaji wake walitazama kwenye intaneti.

4. Ya kulipia. Mara nyingi huongeza msaada wa mafundi, utunzaji wa maneno ya siri, na kukinga kompyuta kadhaa. Hiyo yaweza kufaa ofisi kubwa. Lakini bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo. Ulizeni ya mwaka wa pili.

Msiweke programu mbili za kukinga zifanye kazi pamoja. Zitagombana na kompyuta itakuwa nzito. Na ile ya kulipia iliyonakiliwa kwa wizi msiiguse, maana mara nyingi virusi vimo ndani yake.

KUTENDA

- Chagueni mtu mmoja wa kuangalia kila wiki kama kinga inafanya kazi na lini ilipata habari mpya mara ya mwisho.
- Mkilipia, andikeni tarehe ya leseni kuisha ndani ya kitabu cha kumbukumbu za mkutano.
- Flashi ya mgeni ipimwe kwanza kabla ya kufunguliwa, hata kama mgeni ni mtoto wa mwenyekiti.
- Kila baada ya mkutano, hesabu ziwekwe kwenye flashi ya kikundi, ichomolewe, na akae nayo mweka hazina. Daftari nalo liendelee.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kompyuta yetu ikifa leo usiku, kesho tutajuaje hisa za kila mwanachama?
2. Nani kati yetu anasoma maonyo ya kompyuta? Asipoyaelewa, anamwuliza nani?
3. Pesa tunazotaka kununulia kinga, je, tumeshatumia vizuri ile tuliyo nayo?

Ndugu zangu, hesabu zile ni jasho la mama aliyeuza mayai na kuleta shilingi hamsini kila Jumatano. Tukizipoteza, si pesa tu. Hata kuaminiana kunapotea, na huko hakuna fundi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.