SOMO JUU YA JOHN GILL, MWALIMU WA HESABU ALIYEPANDA MAWE

Katika ukurasa huu wa mafundisho tunataka kueleza juu ya mtu mmoja wa Marekani, jina lake John Gill. Kazi yake ilikuwa kufundisha hesabu. Lakini wapandaji wa miamba wanamjua juu ya jambo lingine: wanamwita baba wa mchezo wa kupanda mawe mafupi bila kamba, kwa namna unavyochezwa leo. Labda mtu atauliza: «Kupanda jiwe fupi, hiyo iko kazi gani? Hata watoto wanapanda!» Ulizo hilo ni zuri. Tutalijibu polepole.

1. Mwanzo wake

Gill alizaliwa mwaka 1937 katika Tuscaloosa, jimbo la Alabama. Alianza kupanda miamba mwaka 1953, angali mwanafunzi wa sekondari. Halafu aliingia masomo ya juu katika Georgia Tech, mji wa Atlanta, na kule alijifunza jimnastiki: kuning'inia kwenye pete, na kupanda kamba kwa mikono tu, miguu haisaidii. Alifika kuweza kujivuta juu kwa mkono mmoja.

Wakati ule wapandaji wengi wa Marekani waliona mawe mafupi kuwa mazoezi tu ya kungojea mlima mkubwa. Gill alifikiri vingine. Kwake jiwe la metre 4 lilikuwa kama zoezi la jimnastiki: fupi, lakini gumu kabisa, tena linafaa kufanywa vizuri, si kufika juu tu kwa namna yoyote. Hatusemi kwamba yeye alikuwa wa kwanza duniani. Kule Ufaransa, katika msitu wa Fontainebleau karibu na Paris, watu walipanda mawe ya namna hii tangu mwanzo wa karne ya 20. Lakini Gill aliingiza mambo matatu yaliyobadilisha mchezo.

2. Mambo matatu

La kwanza ni chaki. Si ile ya ubao wetu. Ni poda nyeupe ya magnesi kaboneti ambayo watu wa jimnastiki wanapaka mikononi. Inakausha jasho, kidole hakitelezi. Gill aliipeleka kwenye miamba katikati ya miaka ya 1950. Leo karibu kila mpandaji ana mfuko wake wa poda kiunoni.

La pili ni kuruka kwa akili. Wazee wa mlima walifundisha hivi: ukisogeza mkono mmoja, ule mwingine na miguu miwili ibaki imeshika. Gill alijirusha kufikia mahali pa mbali. Tukumbuke somo la fizikia: ukitupa jiwe juu, kuna nukta ndogo ambapo halipandi wala halishuki. Mwili pia iko hivyo. Mkono ukishika katika nukta ile, uzito hauvuti kwa ukali. Ukichelewa kidogo, umeanguka.

La tatu ni kipimo. Mwaka 1958 Gill aliweka ngazi tatu. B1 ilikuwa sawa na ugumu mkubwa wa wapandaji wa kamba wa wakati ule. B2 ilipita pale. B3 ilikuwa jiwe lililopandwa mara moja tu, wengine wamejaribu wakashindwa. Sasa tuangalie vizuri: mtu wa pili akifaulu, B3 inakufa palepale, jiwe linashuka kuwa B2 au hata B1. Ni kipimo ambacho sifa yake ya juu haiwezi kukaa, maana inamalizika siku ndugu mwingine anapofika. Watu wengi walipenda namba zisizogeuka, ndiyo sababu kipimo kingine, kilichotolewa na John Sherman mwaka 1991 katika Hueco Tanks, Texas, kilichukua nafasi yake katika Marekani.

3. Jiwe la Thimble

Baada ya masomo Gill alitumika katika jeshi la anga, kazi ya hali ya hewa, jimbo la Montana. Mwaka 1961 alikwenda kwenye miamba ya Needles, South Dakota. Kuna jiwe pale wanaloita Thimble, ndiyo kusema kile kifuniko kidogo anachovaa fundi wa nguo kidoleni. Lina urefu wa metre 9 hivi. Chini yake palikuwa na kizuizi cha mbao cha kusimamishia motokari. Kuanguka pale kungeweza kumuua mtu.

Je, alikwenda kwa kubahatisha? Hapana. Alifanya mazoezi ya kubana vidole kwa ajili ya jiwe lile. Alipanda kidogo, akashuka, akarudi tena, mpaka alijua kila mshiko. Ndipo alipopita mahali ambapo hawezi kurudi, akafika juu, bila kamba. Ilipita miaka mingi kabla mwingine kulipanda vile.

4. Hesabu yake

Gill hakuacha darasa kwa ajili ya mawe. Alipata udokta wa hesabu mwaka 1971, akafundisha katika univasite ya Pueblo, Colorado, mpaka alipostaafu mwaka 2000. Alichunguza sehemu zinazoendelea bila mwisho. Mfano mwepesi: chukua 1, ugawe 1 kwa hiyo namba, uongeze 1, upate 2. Rudia na 2, upate 1,5. Rudia tena na tena: utakaribia 1,618. Kila hatua inasahihisha ile ya nyuma. Mwaka 1969 aliandika juu ya kupanda mawe katika jarida la wapanda milima wa Marekani, akilieleza jambo hili kama sanaa. Katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, kupanda mawe mafupi kulihesabiwa kati ya michezo ya dunia.

5. Tunajifunza nini?

Tusisome habari hii vibaya, tukakimbilia miamba au paa la masomo yetu! Mtu asiyejitayarisha akipanda metre 9 bila kamba, huo si ushujaa. Lakini tuone hili: kitu kidogo kinachodharauliwa na wote, mtu mmoja alikichunguza kwa bidii, kikawa elimu. Na zoezi moja gumu la ukurasa mmoja linaweza kutufundisha kuliko kurasa kumi tulizonakili.

Maulizo
1. Kwa nini poda inasaidia vidole?
2. B3 inapoteaje? Je, ni haki?
3. Fanyeni hatua 8 za hesabu ya hapo juu. Mnaona nini?