Folda Moja ya Hesabu: Unganisha Diski ya Mtandao Ijifungue Yenyewe Kila Asubuhi

Je, biashara yako ina kompyuta mbili au tatu? Basi huenda hali hii unaijua. Keshia amepakua stetimenti ya tili na kuihifadhi kwenye kompyuta yake. Mhasibu anatumia nakala ya juzi. Jioni mhasibu anapata mauzo ya Sh41,850 huku tili ikionyesha Sh48,300. Zile Sh6,450 hazijaibiwa, ziko tu kwenye faili nyingine, kwa kompyuta nyingine. Lakini kabla hilo lijulikane, keshia ameshaangaliwa vibaya.

Dawa ni kuweka hesabu zote kwenye folda moja, katika kompyuta moja, kisha kompyuta zingine ziifungue kama diski yao. Hiyo ndiyo tunaita diski ya mtandao. Leo tutaonyesha jinsi ya kuiunganisha ili ijifungue yenyewe kila mtu anapoingia kazini, na jinsi ya kuilinda.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi lenye kompyuta tatu za Windows: moja ya mhasibu, moja ya keshia na moja ya stoo. Ile ya mhasibu ndiyo inayoweka folda, na jina lake kwenye mtandao ni OFISI. Folda yenyewe inaitwa Hesabu. Maneno ya Kiingereza yaliyo kwenye alama za kunukuu ndiyo utakayoyaona kwenye skrini.

Hatua ya kwanza: tayarisha kompyuta ya OFISI

1. Fungua akaunti mbili mpya kwenye kompyuta hiyo, moja ya keshia na moja ya stoo, kila moja na nenosiri lake. Usiache akaunti bila nenosiri, kwa sababu kwa kawaida Windows haikubali akaunti ya aina hiyo iingie kupitia mtandao.

2. Bonyeza folda ya Hesabu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", kisha "Sharing", kisha "Share". Ongeza akaunti zile mbili. Keshia anaandika kila siku, kwa hivyo mpe "Read/Write". Stoo wanasoma tu, kwa hivyo wape "Read".

3. Kwenye mipangilio ya mtandao, chagua "Private network". Ukiacha "Public", kompyuta inajificha na zingine hazitaipata.

4. Kwenye mipangilio ya umeme, hakikisha kompyuta hii hailali saa za kazi. Ikilala, diski inapotea kwa wote.

Kama unawapa wateja wifi dukani, hakikisha wako kwenye mtandao wao wa wageni. Wasiwe kwenye mtandao mmoja na hesabu zako.

Hatua ya pili: unganisha kompyuta ya keshia

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na E, kisha uchague "This PC".

2. Kwenye Windows 11, bonyeza vile vidoti vitatu vya juu, uchague "Map network drive". Kwenye Windows 10, utaipata chini ya "Computer".

3. Chagua herufi. Windows itapendekeza Z, lakini sisi tuchague H, kwa Hesabu. Epuka herufi kama E na F, maana flashi huzichukua mara nyingi. Tumia herufi ileile kwa kompyuta zote, la sivyo faili zinazotegemeana zitashindwa kupatana.

4. Pale pa "Folder", andika \\OFISI\Hesabu. Angalia mistari: inalalia kushoto, na mwanzoni ni miwili.

5. Tia alama kwenye "Reconnect at sign-in". Hiki ndicho kisanduku kinachofanya diski ijirudie yenyewe. Tia pia kwenye "Connect using different credentials", kisha "Finish".

6. Utaulizwa jina na nenosiri. Andika OFISI\keshia, kisha nenosiri la akaunti uliyofungua. Tia alama kwenye "Remember my credentials".

Hapa wengi hukwama. Ile PIN ya kufungulia Windows haifanyi kazi hapa, kwa sababu ni ya kompyuta hiyo moja tu. Mtandao unataka nenosiri la akaunti.

Rudia hatua hizi kwa kompyuta ya stoo, ukitumia akaunti yake. Kisha fanya jaribio: zima kompyuta, iwashe, ingia kama kawaida. Ukiona H kwenye "This PC" na ikafunguka bila kukuuliza kitu, kazi imekamilika. Siku ukibadilisha nenosiri la keshia, kumbuka kulibadilisha pia kwenye "Credential Manager" ya kompyuta yake, kwa sababu la zamani bado limehifadhiwa hapo.

Ukiona alama nyekundu ya X

Usishtuke. Kuna sababu tatu za kawaida.

Ya kwanza, diski imekaa bila kutumika. Kwa kawaida Windows hukata muunganisho baada ya dakika 15 za ukimya. Bonyeza H mara mbili, itarudi.

Ya pili, kompyuta ya keshia imewaka haraka kuliko mtandao. Hii hutokea sana kwa wifi, na pia stima zikipotea na kurudi, kila kitu kikawaka kwa pamoja. Washa kwa mpangilio: ruta kwanza, OFISI pili, halafu zingine. Kebo ni bora kuliko wifi kwa kompyuta ambazo hazihami.

Ya tatu, OFISI imezimwa au imelala. Hapo suluhisho ni kwenda kuiwasha.

Sasa, la muhimu kuliko yote: H isipoonekana, mfanyakazi asihifadhi faili kwenye kompyuta yake "kwa muda". Hapo ndipo nakala mbili huzaliwa na zile Sh6,450 hupotelea. Mauzo yaendelee, kwa sababu malipo ya tili hayategemei diski hii. Stetimenti inaweza kupakuliwa diski ikirudi. Wekeni sheria fupi dukani: hakuna H, hakuna kuhifadhi.

Mlango ukifunguka wenyewe, unafunguka kwa nani?

Diski inayojifungua yenyewe inajifungua kwa kila kitu kilicho kwenye kompyuta ile, hata virusi. Programu ya kufunga faili na kudai pesa ikiingia kwa keshia kupitia barua pepe, itaiona H kama diski nyingine tu na kuifunga pia. Mwezi Mei 2017, virusi vya WannaCry vilienea duniani kupitia udhaifu katika toleo la kwanza la mfumo huu wa Windows wa kushiriki faili, na vikavuruga hospitali nyingi Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kinga mwezi Machi mwaka huohuo. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wamesasisha kompyuta zao.

Kwa hivyo:

- Sasisha Windows kila inapokuomba. Mtu akikushauri uwashe SMB 1 ili mashine ya zamani ionekane, kataa.

- Nakili folda ya Hesabu kwenye diski ya nje angalau mara moja kwa wiki, kisha uichomoe. Nakala iliyochomekwa muda wote inaweza kufungwa pamoja na zingine.

- Usifungue folda hii kwa intaneti kupitia ruta. Kama una tawi mji mwingine, mwombe fundi akuwekee VPN.

- Mfanyakazi akiondoka, funga akaunti yake siku hiyohiyo. Ndiyo maana kila mmoja alipewa yake.

- Usiweke kamwe PIN ya tili wala nenosiri la malipo kwenye folda hii, hata kwenye faili uliyoificha. Hata sisi hatukuulizi PIN yako.

Kumbuka pia kwamba stetimenti ina majina na nambari za simu za wateja wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uzilinde. Zikivuja kwa njia inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu ujue. Nayo sheria ya kodi inakutaka utunze rekodi za biashara kwa miaka 5. Folda moja iliyopangwa vizuri, yenye nakala ya akiba, itakusaidia kutimiza yote mawili.

Anza leo na kompyuta mbili tu. Kesho asubuhi, keshia akiingia na kuiona H inamngoja, hesabu ya jioni haitakuwa na maswali mengi.