Je, Ukristo ni falsafa ya Wayunani?

Swali: Mwanangu yuko chuo. Ananiambia Ukristo ni Plato aliyebatizwa. Nimjibu nini? – Mama, Kisauni

Jibu: Mama, kijana ameshika nusu ya habari. Justin, mwanafalsafa wa kale aliyegeuka Mkristo, aliendelea kuvaa joho la wanafalsafa hata baada ya kuongoka, akafundisha Roma hadi alipouawa, karibu mwaka 165. Ila yeye aliwapima Wayunani kwa Kristo, si Kristo kwa Wayunani. Tertullian wa Carthage, Mwafrika mwenzetu, hakutaka hata hilo. Aliuliza Athens ina nini na Yerusalemu. Cha kuchekesha, maandishi yake kuhusu roho yamejaa fikra za Wastoa, wanafalsafa wa Kiyunani!

Sasa tuje kwenu. Mnapokiri Imani ya Nikea kanisani pale Frere Town, mkisema Mwana ni wa asili moja na Baba, hiyo ni istilahi ya wanafalsafa. Haimo katika Biblia. Maaskofu waliipitisha mwaka 325 ili kumfungia mlango Arius, aliyefundisha kwamba Mwana si Mungu sawa na Baba, maana kila aya waliyomtolea aliifasiri atakavyo. Lakini walichokilinda ni kwamba Mungu mwenyewe alizaliwa na mwanamke, akaona njaa, akasulubiwa. Mwulize mwanao: Plato aliandika hayo wapi?