Sabuni, Mafuta na VVU: Kinachosafisha Mikono Hakikingi Ndani ya Mwili

Katika nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini, baridi ya Juni na Julai hugandisha mafuta kwenye sufuria iliyoachwa usiku kucha. Asubuhi, maji matupu huteleza juu ya mafuta hayo bila kuyaondoa. Sabuni ikitiwa, mafuta huachia. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoiwezesha sabuni kuharibu virusi vya aina fulani, na ndiyo inayoeleza kwa nini sabuni haiwezi kumkinga mtu na Virusi vya UKIMWI (VVU) baada ya kujamiiana. Mambo haya mawili yakichanganywa, afya ya mtu huingia hatarini.

Wakazi wa ukanda huu wana sababu ya kulielewa somo hili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionesha kuwa kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea kilikuwa asilimia 4.4 kwa nchi nzima, wakati Iringa kilikuwa asilimia 11.1 na Mbeya asilimia 9.6.

Koti lililoibwa

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba uliojengwa kwa kiasi kikubwa na mafuta ambayo wanasayansi huyaita lipidi. Lipidi nyingi za utando huo zina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Hujipanga katika tabaka mbili: mikia ikielekeana kwa ndani, vichwa vikitazama nje. Katikati yake imo kolesteroli, inayosaidia utando usilegee mno wala usikakamae mno.

Virusi vingi, vikiwemo VVU, virusi vya korona na virusi vya homa ya mafua, navyo vimevikwa utando wa namna hiyo. Hata hivyo, kirusi hakina uwezo wa kujitengenezea mafuta. VVU huingia ndani ya seli nyeupe za damu ziitwazo CD4, huzaliana humo, kisha kila kirusi kipya husogea hadi ukingoni mwa seli, hujifunika kipande cha utando wake na kuchomoka. Koti lake, kwa hiyo, ni mali ya mwenyeji wake.

Mwaka 2006, wanasayansi wa Heidelberg nchini Ujerumani walichapisha vipimo vya mafuta ya VVU. Walikuta koti la kirusi lina kolesteroli na lipidi iitwayo sfingomyelini kwa wingi kuliko utando wa seli kwa ujumla. Matokeo hayo yanaashiria kwamba kirusi hutokea kwenye sehemu za utando ambako mafuta ya aina hiyo yamekusanyika. Hata hivyo, mafuta yenyewe ni yale yale ya seli. Kilicho cha kirusi chenyewe juu ya koti hilo ni miiba ya protini kinayoitumia kushikilia seli nyingine.

Sabuni hufanya nini

Chembe ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Inapokutana na koti la kirusi, hupenya kati ya lipidi na kuzitawanya. Koti likivunjika, miiba hupoteza mahali pa kushikia, na kirusi hakiwezi tena kuingia katika seli. Hii ni sababu mojawapo ya kusisitiza kunawa mikono kwa sabuni wakati wa mlipuko wa UVIKO-19.

Virusi visivyo na koti la mafuta, kama vile vya polio na rota, havivunjiki kwa urahisi huo. Hivyo huondolewa zaidi kwa kusugua na kusuuza. Ndiyo maana mikono inapaswa kusuguliwa kwa sekunde 20 au zaidi na kusuuzwa kwa maji tiririka, iwe ni bombani au kwenye kibuyu chirizi.

Kwa nini njia hii haifai ndani ya mwili

Ngozi ya mkono huvumilia sabuni kwa sababu tabaka lake la juu kabisa ni la seli zilizokufa. Kuta za ndani ya uke na za njia ya haja kubwa ni laini, na seli zake hai ziko karibu sana na juu. Kwa kuwa koti la VVU limetoka kwenye seli za binadamu, sabuni haina namna ya kutofautisha mafuta ya kirusi na mafuta ya mwili. Huharibu yote mawili.

Ukweli huu ulidhihirika hapa Afrika Mashariki. Kulikuwa na dawa ya kuua mbegu za kiume, nonoksinoli-9, inayofanya kazi kwa namna ya sabuni. Maabara ilikuwa imeonesha kuwa inaangamiza VVU. Matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanawake jijini Nairobi, yaliyochapishwa mwaka 1992, yalionesha kuwa sifongo yenye dawa hiyo haikupunguza maambukizi, na walioitumia walipata vidonda zaidi sehemu za siri. Jaribio jingine la jeli yenye dawa hiyo, katika nchi za Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand, lilitoa matokeo mwaka 2000: waliotumia dawa waliambukizwa zaidi kuliko waliotumia jeli isiyo na dawa. Dawa iliyovunja koti la kirusi ilikuwa pia ikiharibu ukuta wa mwili na kukifungulia kirusi njia.

Kwa sababu hiyo, kujiosha ndani ya uke kwa sabuni, dawa za kusafishia au maji ya limau baada ya kujamiiana si kinga. Kunaweza kuongeza hatari.

Kinachokinga

Dawa za kufubaza VVU hazigusi koti la mafuta. Nyingi hulenga vimeng'enya ambavyo ni vya kirusi chenyewe. Dolutegraviri, kwa mfano, huzuia kimeng'enya kinachopachika vinasaba vya kirusi ndani ya vinasaba vya seli. Mtu anayetumia dawa hizi kwa usahihi hadi virusi visionekane kwenye kipimo, na akaendelea hivyo, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana.

Chanjo bado haijapatikana. Wakazi wa Mbeya walikuwa miongoni mwa waliojitolea katika jaribio la PrEPVacc, ambalo uchanjaji wake ulisitishwa Novemba 2023 baada ya kuonekana kuwa chanjo zilizojaribiwa hazizuii maambukizi.

Njia zilizothibitika ni kupima, kutumia kondomu, tohara ya kitabibu kwa wanaume na dawa kinga kwa walio katika hatari kubwa. Mtu anayehofu kuwa amekutana na VVU, iwe kwa kujamiiana, kubakwa au kuchomwa na sindano, awahi kituo cha afya mara moja ili apewe dawa za kuzuia maambukizi. Dawa hizo zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayotangulia ina faida. Muda huo usipotezwe kwa sabuni na beseni.