Nyumba ndani ya kiwanda cha zamani: tununue?

*Mimi na mume wangu tunaishi Manchester. Tumependa nyumba katika kiwanda cha zamani cha pamba kilichokarabatiwa: dari za juu, madirisha makubwa, kuta za matofali. Ndugu zetu wanasema tunanunua gofu lililopakwa rangi. Tufanyeje? – Mama Salma*

Mama Salma, hofu ya ndugu zako ina msingi, ila isikukatishe tamaa. Viwanda hivi vilijengwa kubeba mashine nzito, hivyo mara nyingi jengo lenyewe ni imara. Shida huwa kwenye paa, unyevu unaopenya kuta, madirisha yanayopoteza joto, na asbesto. Asbesto ilipigwa marufuku kabisa Uingereza mwaka 1999. Kama ukarabati ulifanyika kabla ya hapo, ulizia zaidi.

Ajiri mkaguzi wako wa majengo. Anayetumwa na benki hukadiria thamani tu, kwa faida ya benki. Kisha mwombe wakili akague:

- miaka iliyobaki kwenye hati ya umiliki, kama ni umiliki wa muda maalumu (leasehold); ikishuka chini ya 80, thamani hupungua na kuuza huwa kugumu;
- ada ya huduma ya miaka mitatu iliyopita, na matengenezo makubwa yanayokuja;
- hati za usalama wa moto;
- kama jengo linalindwa kama urithi, maana hapo hubadilishi hata dirisha bila kibali cha halmashauri.

Tembeleeni pia usiku, msikilize kelele za majirani.

Mkaguzi akiona nyufa zinazopanuka, mwiteni mhandisi. Muuzaji akikwepa kutoa hati, ondokeni. Huko England hamfungwi kisheria na ununuzi mpaka mbadilishane mikataba na muuzaji.